Mbunifu majengo anakuja kwa siku nne kupanga shule yetu mpya: tumwonyeshe nini, tumwulize nini?

Katibu wa Kamati

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muleba, mkoani Kagera, na ni katibu wa kamati ya ujenzi ya kijiji chetu. Tangu mpango wa elimu bila malipo ulipoanza mwezi Januari 2016, idadi ya wanafunzi wetu imepanda hadi kupita 600, nasi bado tuna vyumba 7 vya madarasa. Mkutano mkuu wa kijiji umeamua tujenge shule ya pili upande wa rweya, yaani eneo la wazi la nyasi, ili watoto wadogo wasilazimike kuvuka bonde kila asubuhi. Wafadhili kutoka Ujerumani wamekubali kuchangia vifaa vya dukani, kijiji kitatoa mawe, mchanga, maji na nguvu kazi, na mwezi ujao mbunifu majengo wao atakuja kukaa nasi siku nne ili aone eneo na kuanza michoro.

Wasiwasi wangu unaanzia kwenye ratiba. Siku ya kwanza kamati imepanga mapokezi na ngoma, siku ya pili kuzunguka ofisi za viongozi, siku ya tatu chakula cha pamoja na hotuba, na eneo la ujenzi limeachiwa asubuhi ya siku ya nne kabla hajaondoka. Ukarimu ni jambo jema na sitaki mgeni wetu aone hatukumjali, lakini naogopa ataondoka na picha nyingi za ngoma bila kuijua shule.

Majengo tuliyo nayo yanatufundisha mengi. Tuliyajenga kwa nguvu za wananchi na kuyapaua kwa bati tupu bila dari, na mvua kubwa ikianza sauti yangu haifiki hata dawati la pili. Huandika ubaoni "Someni kimya", kisha nasimama mlangoni nikisubiri. Mwezi Aprili kuna wiki niliyopoteza vipindi vitatu kwa namna hiyo. Darasa la Tatu lina ufa juu ya dirisha tangu tetemeko la mwaka 2016, na kidole changu kinaingia humo hadi kwenye kifundo cha kwanza.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie: tuandae nini kabla hajafika, tumpeleke wapi, na tumwulize nini ili tusije tukaletewa mchoro mzuri wa jengo ambalo hatutaweza kulikarabati wenyewe baada ya miaka kumi?

Mbunifu wa Kanda ya Ziwa

Mwalimu, hongera kwa kuuliza mapema. Mimi ni mbunifu majengo, nimesimamia ujenzi wa shule kadhaa katika mikoa inayozunguka Ziwa Victoria, nami nitakujibu kwa kuzingatia yale ninayotamani wenyeji wangenionyesha kila ninapofika mahali kwa mara ya kwanza.

Ngoma na hotuba zihamishieni jioni ya mwisho. Asubuhi ya kwanza, kabla ya jambo lolote, mpeni mgeni wenu dawati la nyuma katika darasa lenye wanafunzi wengi zaidi, akae vipindi viwili bila kuzungumza. Hapo ataona kwa macho yake yale ambayo mngeyaeleza kwa saa nzima: mtoto anayeinamisha kichwa kwa sababu mwanga wa dirisha unametameta ubaoni, aliyekaa karibu na ukuta wa mashariki akipigwa na jua la saa mbili, hewa iliyosimama kwa sababu madirisha yako upande mmoja tu. Ikitokea mvua ikanyesha siku hizo, msimwondoe darasani. Hayo aliyoyaeleza Katibu kuhusu bati hayaeleweki kwa mtu ambaye hajayasikia.

Kuhusu jua, Muleba iko karibu nyuzi 2 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini kwa takriban nusu ya mwaka na upande wa kusini kwa nusu nyingine, wala halishuki sana kutoka utosini. Jengo likilala kutoka mashariki kwenda magharibi, kuta zake ndefu zenye madirisha zitazamane na kaskazini na kusini, paa lililotokeza vizuri litazikinga mwaka mzima. Jua linalosumbua ni lile la chini la asubuhi na la jioni, na hilo litakutana na kuta fupi zisizo na madirisha. Ubao nao uwekwe mahali ambapo mwanga mkubwa unaingia kutoka kushoto kwa mwanafunzi, ili mkono wa mwenye kuandika kwa kulia usifunike daftari kwa kivuli. Ni mambo yasiyoongeza hata mfuko mmoja wa saruji, na bado naona yakikosewa kila mwaka.

Mwulizeni kuhusu maji kwa hesabu, wala msiridhike na ahadi ya "tutaweka tangi". Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Tuseme paa la madarasa matatu na baraza yake lina mita za mraba 240: mvua moja ya milimita 25 itashusha lita 6,000, yaani tangi la lita 5,000 litafurika siku hiyohiyo. Geuza sasa upande wa matumizi. Kiwango kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani kwa shule za kutwa ni lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na watu 300 watahitaji lita 1,500 kila siku, kwa hiyo tangi hilohilo halifikishi siku nne. Mkoa wenu umejaliwa mvua, ila bila hifadhi kubwa maji hayo yataishia kuchimba msingi wenu.

Mhandisi wa halmashauri awepo tangu siku ya kwanza, asiitwe kuja kupiga muhuri mwishoni. Ziko ramani za madarasa za TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa) ambazo yeye anazifahamu, na kibali cha ujenzi kitapitia ofisini kwake. Viongozi mnaotaka kuwatembelea siku ya pili waombeni waje wao kwenye eneo la ujenzi, muda uleule ambao vipimo vinachukuliwa.

Mwisho, mwonyesheni mnachokijua kujenga. Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso, alikuwa mwanafunzi wa ubunifu majengo Berlin alipoanza kupanga shule ya msingi ya kijiji chake, ambayo ilikamilika mwaka 2001. Kuta zilijengwa kwa matofali ya udongo wa palepale yaliyochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa, dari nayo ikawa ya matofali yenye matundu, na juu yake bati liliinuliwa juu ya fremu za nondo ili upepo upite katikati na kuondoa joto. Wanakijiji walikuwa na mashaka na udongo mwanzoni, lakini ndio waliojenga kwa mikono yao, na ufundi ukabaki kijijini. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Ubunifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya kimataifa ya wabunifu majengo. Ninamtaja kwa sababu yeye hakuhitaji kuambiwa mvua ya Gando inatoka upande gani. Mgeni wenu atahitaji kuambiwa, na wa kumwambia ni ninyi.

Fundi Mstaafu, Bukoba

Mwalimu, habari za kazi. Nimejenga kwa miaka 38 na sasa nimepumzika, nami nina machache ya kuongeza, na moja la kumpinga Mbunifu kwa heshima.

Kabla mgeni hajafika, chimbeni mashimo matatu katika eneo lenyewe, kila moja mita moja na nusu kwenda chini, moja upande wa juu wa mteremko, moja katikati na moja chini. Yaacheni wazi, yazungushieni uzio wa miti watoto wasitumbukie, na kila asubuhi mtu mmoja aandike kama kuna maji na yamefika wapi. Ardhi ya rweya inadanganya macho, kwani juu unaona nyasi nzuri, chini mahali pengine unakuta jiwe kwenye futi moja na mahali pengine unakuta udongo mlaini unaobonyea. Jengo likisimama nusu juu ya jiwe na nusu juu ya udongo huo, litapasuka katikati hata mngemwaga saruji ya aina gani. Mbunifu akiyakuta mashimo hayo tayari, mmemwokolea siku nzima.

Udongo wa kila shimo utieni kwenye chupa ya kioo hadi nusu, jazeni maji, tikiseni kwa nguvu, kisha acheni chupa itulie hadi kesho yake. Mchanga utakuwa umelala chini, juu yake vumbi laini, na juu kabisa mfinyanzi. Pangeni chupa tatu dirishani, kila moja na karatasi yenye namba ya shimo. Sina kipimo rahisi kuliko hicho, na mtu yeyote kijijini anaweza kukisoma.

Ninapotofautiana na Mbunifu ni kwenye matofali ya udongo. Gando ni mahali pakavu penye joto kali, na sisi huku tunanyeshewa sehemu kubwa ya mwaka, tena tunatikiswa. Tarehe 10 Septemba 2016 ilikuwa Jumamosi alasiri, na nashukuru hadi leo kwamba haikuwa siku ya masomo. Tetemeko lile lilikuwa la ukubwa wa 5.9, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibiwa vibaya. Niliitwa kukagua majengo kadhaa baadaye, na karibu kila mahali niliona kosa lilelile: linta, yaani boriti ya zege inayobeba ukuta, ilikuwa imewekwa juu ya milango na madirisha tu, vipande vipande, na ile pembetatu ya ukuta inayopanda hadi kwenye paa haikufungwa na kitu chochote. Pembetatu hizo ndizo zilizoanguka kwanza.

Kwa hiyo mwulizeni mgeni wenu swali moja na msimwache mpaka alijibu kwa kuchora: mkanda wa zege wenye nondo unazunguka jengo lote bila kukatika, au unaishia wapi? Mwambieni pia achore paa linaloshuka pande zote nne, ili pembetatu za ukuta zisiwepo kabisa. Ufa wa Darasa la Tatu mwonyesheni na upimeni mbele yake. Ufa ulioanzia kwenye kona ya dirisha na kupanda kimshazari unasema mengi kuhusu linta iliyoko juu yake.

Halafu kuna radi. Mwezi Oktoba 2018 radi iliua wanafunzi wakiwa darasani mkoani Geita, jirani zetu kabisa. Mtego wa radi uingizwe kwenye makadirio tangu mwanzo, kwa sababu kila kinachoitwa "nyongeza" huondolewa fedha zikipungua. Mbao za kenchi, yaani fremu ya kubeba paa, nazo zitiwe dawa ya mchwa kabla ya kupanda juu. Mimi nimefumua paa la miaka sita ambalo mbao zake zilikuwa zimebaki ganda.

Mwalimu wa Malezi

Shikamoo Mzee Fundi. Katibu, nakupongeza kwa kazi hii, na naomba niulize jambo ambalo sijaliona katika maelezo yako: kamati yenu ina wanawake wangapi, na ni nani atakayezungumza na mgeni kuhusu vyoo?

Kiwango kinachotumika nchini ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25, na darasa moja ni wanafunzi 45. Kwa shule ya wanafunzi 300, nusu wasichana na nusu wavulana, mnahitaji matundu 8 ya wasichana na 6 ya wavulana, bila kuhesabu ya walimu. Nimefundisha katika shule tatu, na mahali pote michoro ya madarasa ilianza na vyoo vikaja baadaye, vikawekwa mahali palipobaki. Katika shule moja mlango wa choo cha wasichana ulitazamana na uwanja wa mpira. Wasichana wa darasa la sita na la saba walikuwa wakivumilia tangu asubuhi hadi waliporudi nyumbani, na katika siku za hedhi baadhi yao hawakuja kabisa. Hakuna aliyekusudia hivyo, ila hakuna aliyewauliza.

Mpangieni mgeni saa moja akae na wasichana wa darasa la saba pamoja na mwalimu wa kike wa kutafsiri, wanaume wengine wakiwa mbali, na kama mgeni mwenyewe ni mwanamume basi mwalimu huyo awaulize peke yake na kumletea majibu. Awape karatasi wachore njia wanayopita kutoka darasani hadi chooni na waweke alama mahali wasipopapenda. Chumba cha kujisitiri chenye maji, ndoana ya kutundikia nguo, komeo la ndani na kichomea taka si gharama kubwa kikichorwa tangu mwanzo. Wakumbukeni pia watoto wenye ulemavu. Njia ya mteremko ifike darasani na chooni kote, kwa sababu nimeona inayopanda vizuri hadi barazani na choo kimebaki na ngazi nne.

Mjumbe wa Serikali ya Kijiji

Katibu, kabla ya mbunifu kuna muhtasari. Ardhi ya kijiji inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999, na rweya mara nyingi ina watu wanaochungia au kukata nyasi hapo tangu enzi za babu zao. Hakikisheni muhtasari wa mkutano mkuu umeandika eneo, mipaka na majina ya waliohudhuria, kisha zungukeni mipaka hiyo na majirani wote mkapande alama. Sisi tulichora kwanza, tukazunguka baadaye, na jirani mmoja akatuonyesha kaburi la mama yake katikati ya Darasa la Pili.

Mbunifu wa Kanda ya Ziwa

Mzee Fundi, nakubali, na nashukuru kwa kunisahihisha. Sikusudii Muleba wainakili Gando. Paa lililoinuliwa kule linaondoa joto, na kwenu mvua ya upepo ingeingia hapo juu ikalowesha dari. Tofali la udongo lenye saruji linaweza kutumika hata huku ikiwa msingi wa mawe utapanda juu ya ardhi, paa litatokeza vya kutosha na mkanda wako wa zege hautakatika, ila chupa zako tatu ndizo ziamue. Mfinyanzi ukiwa mwingi mno tofali litapasuka likikauka, na mchanga ukiwa mwingi mno litamomonyoka.

Katibu wa Kamati

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki saba kuwapa taarifa, kwa kuwa ushauri wenu tuliusoma kwa sauti kwenye kikao cha kamati na ratiba ikabadilishwa usiku huohuo.

Mbunifu aliyekuja ni mama wa makamo, mpole, anayeandika kila kitu kwenye daftari dogo. Alikaa dawati la nyuma la Darasa la Tano lenye wanafunzi 94. Mvua haikunyesha siku ya kwanza. Ya pili ilinyesha saa tano, na nilimwona akifunga daftari, akiinamia watoto waliokuwa pembeni yake, akijaribu kuwauliza kitu, nao wakimwonyesha kwa mikono kwamba hawasikii. Alibaki hivyo hadi mvua ilipokatika.

Mashimo yalituokoa. La juu lilifika kwenye jiwe sentimita 60, la katikati lilikuwa na udongo mwekundu mgumu hadi chini, na la chini lilijaa maji hadi sentimita 80 kutoka juu asubuhi ya tatu. Kwenye mchoro wa awali, aliokuja nao kutoka kwao akitumia picha za setilaiti, madarasa mawili yalikuwa juu ya shimo hilo la maji. Yeye, mhandisi wa halmashauri na fundi wetu walishika mpira wa maji wakapima mteremko mchana kutwa, wakahamisha jengo lote mita 40 kupanda juu, likalala mashariki hadi magharibi. Mkanda wa zege aliuchora mbele yetu bila kuombwa mara ya pili, na paa la pande nne amelikubali.

Mzunguko wa mipaka ulichukua saa tatu na haukuleta ugomvi. Wasichana wa darasa la saba walichora, na kati ya michoro 21, 17 iliweka alama mbaya mahali pamoja, kwenye kona ya nyuma ya jiko la shule ambako vijana husimama. Vyoo vipya vitakuwa upande wa nyumba za walimu, mlango ukitazama ukuta wa kujisitiri.

Suala la kelele za mvua bado halijaisha. Dari ya mbao imezidi bajeti. Mzazi mmoja alipendekeza mikeka ya mafunjo, ambayo akina mama wa bondeni huisuka, tukaifunga chini ya bati la Darasa la Nne kwa majaribio, ikiwa imeacha nafasi ya kiganja kati yake na bati. Mvua ya Jumanne iliyopita nilisimama ubaoni nikasoma habari kwa sauti ya kawaida, na watoto wa safu ya nne waliinua mikono kwamba wanasikia. Safu tatu za nyuma hazikusikia. Mbunifu ameniandikia akishauri tuongeze tabaka la pili la mikeka, lakini anataka kwanza kujua itakavyokuwa mbele ya moto na wadudu. Kama kuna aliyewahi kutumia mafunjo darini kwa miaka kadhaa, naomba aeleze aliitia dawa gani na ilidumu muda gani, kwa sababu makadirio ya mwisho yanapelekwa halmashauri tarehe 15.